Mickey wa 1928 yuko huru, lakini nikimweka kwenye beji ya shule naambiwa kuna kesi. Nielewesheni

#1 RangiZaKawempe
Habari zenu. Mimi ni mchoraji wa kuta, na kazi yangu kubwa ni shule za chekechea za Kampala na Wakiso. Mwaka wa kumi na moja huu, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari za haki za mtu mpaka muhula huu.

Mwenye shule mmoja alinipa kuta tatu na kibao cha barabarani. Alimtaka Mickey Mouse kila mahali, kwa kuwa alisikia hakimiliki yake imekwisha. Nikasoma kwanza. Ni kweli: katuni yake ya Steamboat Willie ilionyeshwa New York tarehe 18 Novemba 1928, na Marekani ulinzi wake uliisha tarehe 1 Januari 2024. Basi nikamchora yule wa mwanzo kabisa, mweusi na mweupe, kaptula ya vifungo viwili, mikono mitupu, ameshika usukani wa meli. Nilikaa juu ya ngazi siku mbili. Watoto walipotoka mapumziko, kabinti kamoja kalisimama mbele ya ukuta, kakatazama sana, kakaniuliza, "Ssebo, mbona huyu hana glavu?"

Mwenye shule naye akasema niongeze glavu nyeupe na kaptula nyekundu, kisha uso uleule niuweke kwenye kibao na kwenye beji ya sweta. Kabla sijaanza, mwanasheria mmoja anayesali naye akamwambia asubiri, kwamba hakimiliki imekufa lakini alama ya biashara iko hai.

Nimekwama hapo. Kitu kikishakuwa cha wote kinakuwaje tena cha mmoja? Kazi hii ndiyo inayonilisha na sitaki kumwingiza mteja wangu mashakani.

#2 Nasser_Chapachapa
Chora, ssebo. Nimechapa kadi za sikukuu ya kuzaliwa pale Nasser Road miaka mingi, zina panya, bata, paka, kila mnyama. Hajaja mtu.

#3 WakiliKijana
Niko mwaka wa tatu wa sheria, kwa hiyo wakubwa wanirekebishe.

Mkuu #2, kutofuatwa hakukupi haki. Siku ukifuatwa huwezi kumwambia hakimu kwamba jirani yako naye anachapa.

RangiZaKawempe, unaona kitu kimoja kwa sababu mchoro ni mmoja, lakini juu yake kuna sheria mbili. Hakimiliki inamlinda mtunzi ili kazi yake isinakiliwe bila ruhusa, na ina mwisho. Alama ya biashara haiulizi nani alitunga. Inauliza mnunuzi akiiona atadhani bidhaa imetoka kwa nani. Ndiyo maana haina siku ya kufa: mwenyewe akiendelea kuitumia na kuilipia, inaishi. Hapa kwetu chini ya Sheria ya Alama za Biashara ya 2010 unapewa miaka 10, ikiisha unahuisha, tena na tena.

Sasa rudi kwenye ukuta wako. Mickey wa ukutani ni pambo. Kibao na beji kazi yake ni kusema "hii ni shule ya fulani", na hiyo ndiyo kazi ya alama. Panya ni yuleyule, ila kule anapamba na huku anatambulisha. Kwa maoni yangu ukuta uache, beji iogope.

#4 Msafiri_Malaba
Asante kwa maelezo, ila miaka umekosea. Nina alama ya unga wangu wa mahindi, niliisajili mwenyewe URSB, ofisi ya usajili ya Uganda. Usajili wa kwanza ni miaka 7. Ukihuisha ndipo unapewa 10, na kila mara baada ya hapo 10. Cheti kiko mezani hapa.

#5 WakiliKijana
Kweli kabisa, 7 kisha 10. Asante mzee.

#6 MwalimuWaAwali
Nafundisha madarasa ya awali, na hilo la "ukutani ni pambo tu" silikubali lote. Shule niliyokuwa zamani ilikuwa na wanyama wa katuni maarufu kuanzia getini hadi chooni. Mama mmoja alikuja kuandikisha mtoto akaniuliza kama tuna masomo ya video kutoka kwa ile kampuni, na kama ada imepanda kwa sababu hiyo. Aliamini kabisa kwamba tuna uhusiano nao. Ukuta wa ndani ya darasa ni pambo, sawa. Ukuta unaotazama barabara ni kibao kikubwa kuliko kibao.

#7 MzeeWaKatuni
Nimewakusanya hawa wahusika tangu nikiwa kijana, niruhusuni niseme kwa urefu kidogo.

Kwanza, Steamboat Willie si katuni ya kwanza ya Mickey kutengenezwa. Plane Crazy ilitangulia, ikaonyeshwa kwa majaribio Mei 1928 bila sauti. Steamboat Willie ndiyo iliyompa jina kwa sababu ya sauti. Na kabla ya panya kulikuwa na sungura, Oswald, wa 1927. Walt Disney alimpoteza kwa sababu haki zilikuwa za kampuni ya Universal, na panya akazaliwa kutokana na uchungu huo, kwa mkono wa mchoraji wake Ub Iwerks. Disney walimrudisha Oswald mwaka 2006 tu. Huyo mwenye alama na haki zote leo, ndiye aliyewahi kunyang'anywa mhusika wake kwa karatasi. Kila nikikumbuka naumia kwa ajili ya wachoraji.

Pili, glavu. Kilichoachiwa 2024 ni kile tu kilichomo kwenye katuni za 1928. Glavu zilikuja 1929 kwenye The Opry House, na katuni za 1929 zikaachiwa Marekani tarehe 1 Januari 2025. Kwa hiyo yule mtoto wa chekechea aliuliza swali zito kuliko alivyojua. Angeuliza 2024, glavu zingekuwa bado za mwenyewe. Leo glavu zimefunguka. Kila mwaka Januari mosi panya anaachiwa kipande kingine cha mwili.

Kaptula nyekundu ndiyo yenye mgogoro. Katuni ya kwanza ya rangi iliyompeleka sinema ni The Band Concert ya 1935, na miaka yake 95 ya ulinzi wa Marekani bado haijatimia. Wapo wanaosema kuipaka nguo rangi nyekundu si ubunifu wa kutosha kupata hakimiliki mpya. Wapo wanaosema usijaribu.

#8 Sungura_Mjanja
Mnazungumza Marekani, Marekani. Tuko Uganda! Sheria yetu ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya 2006 inasema maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo. Walt Disney alifariki Desemba 1966. Iwerks alifariki Julai 1971. Hata ukimhesabu Iwerks, miaka 50 ilitimia 2021. Na kazi ya picha za kusikika na kuonekana inahesabiwa miaka 50 tangu itolewe, si tangu mtu afe. Popeye, yule baharia wa katuni, ndiyo usiseme: mtunzi wake Segar alifariki 1938.

Kwa hiyo kwa nini mchoraji wa Kawempe angoje Bunge la Marekani? Wao waliongeza miaka 20 mwaka 1998, kutoka 75 hadi 95, na Mahakama yao Kuu ikabariki mwaka 2003. Hayo ni yao.

#9 WakiliKijana
Hoja yako ina nguvu na naipenda. Ugumu unaanza mzigo unapovuka mpaka. Haki hizi zinakwenda nchi kwa nchi. Chukua mhusika wa katuni Tintin: alianza Januari 1929, Marekani toleo lake la kwanza likaachiwa 2025. Lakini mtunzi wake, Mbelgiji Hergé, alifariki 1983, na Ulaya wanahesabu kifo na miaka 70, kwa hiyo kule analindwa mpaka mwisho wa 2053. Fulana moja, halali ukiwa Chicago, kesi ukishuka Brussels.

Mambo mengine mawili. Uganda ni mwanachama wa Mkataba wa Paris, ule wa kulinda alama za biashara na uvumbuzi, na sheria ya 2010 inazitambua alama mashuhuri, kwa hiyo usidhani kwamba alama ikikosekana kwenye daftari la URSB umeshinda. Halafu kwetu haki ya kimaadili ya mtunzi haifi pamoja na haki ya kiuchumi. Kutaja jina la mtunzi na kutoharibu kazi yake kunabaki.

#10 Sungura_Mjanja
Basi niandike "Ub Iwerks" chini ya ukuta?

#11 MzeeWaKatuni
Ndiyo. Andika. Mtu yule alichora mamia ya picha kwa siku moja kwa mkono wake, na watoto wa dunia nzima wanajua jina la mwingine.

#12 BintiArua
Mniruhusu nitoe yaliyonipata. Januari 2024 nilichora Mickey wa Steamboat Willie amevaa kitenge badala ya kaptula, meli nikaigeuza kivuko cha pale Laropi kwenye Nile. Nilijivunia sana mchoro ule. Nikauweka kwenye duka moja la mtandaoni la nje linalochapa fulana mteja akiagiza. Siku ya pili ukaondolewa. Ujumbe ulikuwa mfupi: malalamiko ya alama ya biashara. Nikajibu, nikaeleza tarehe, nikaeleza kwamba nimetumia yule wa 1928 pekee, sikuandika jina "Mickey Mouse" mahali popote kwenye fulana. Nikajibiwa kwamba uamuzi ni wa mwisho.

Kwa hiyo mahakama hata haikuhitajika. Duka lenyewe ndilo lililoamua, na duka linaogopa barua kuliko linavyojua sheria. Hapa tunahesabu miaka 50, 70, 95, lakini aliyeniondolea mchoro hakuhesabu hata mmoja.

#13 Nasser_Chapachapa
Pole sana dada. Mimi ningekuchapia hizo fulana Nasser Road, na ukiniletea mchoro huo bado nitazichapa.

Lakini mmeona? Ndicho nilichosema #2, ila ninyi mmesoma sana. Sheria iliyo kwenye karatasi ni moja, inayokufikia mlangoni ni nyingine. Mdogo anayeuza kadi mia mbili hatafutwi.

#14 MzeeWaKatuni
Anatafutwa, ndugu yangu. Mwaka 1989 huko Hallandale, Florida, vituo vitatu vya kulelea watoto wadogo vilikuwa na Mickey na wenzake ukutani, kama hivi vya RangiZaKawempe. Disney wakataka wafutwe. Wakafutwa. Kampuni shindani, Universal na Hanna-Barbera, wakajitokeza kutoa wahusika wao wachorwe mahali palepale. Wakati huo hakimiliki ilikuwa hai, hilo nakubali, lakini usiseme ukuta wa watoto ni mdogo mno kuonekana.

#15 Kasese_Mpakani
Nami nina swali. Nimesoma kwamba mwaka 2003, kwenye kesi ya Dastar na Twentieth Century Fox, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa alama ya biashara kugeuzwa njia ya kurefusha hakimiliki iliyokwisha. Kama ndivyo, malalamiko aliyoletewa BintiArua yalikuwa na msingi gani? Hakimiliki ikifa halafu alama ikakalia kiti chake, ule muda wa mwisho ulikuwa na maana gani kuuweka?

#16 WakiliKijana
Hapo ndipo penyewe, na nakiri mimi mwenyewe sijatulia. Dastar inasaidia sana anayetoa tena kazi ya zamani. Haisemi kwamba alama zote za wahusika wa zamani zimefutika. Kuna kesi ya 1979 ya New York kuhusu vitabu vya Peter Rabbit wa Beatrix Potter. Hakimiliki ya michoro ilikuwa imekwisha, na mchapishaji wa awali, Frederick Warne, alitaka kumzuia mwingine asitumie michoro ya sungura yule. Mahakama ilisema mchapishaji atalazimika kuthibitisha kwamba watu wakiona mchoro ule wanamtambua yeye kama chanzo, si kwamba wanamtambua Beatrix Potter kama mtunzi tu.

Hilo jambo ni zuri kulifikiria. Mtoto akimwona panya anasema "Mickey". Je, anasema pia "hii imetoka kampuni fulani"? Kama anasema la kwanza tu, hiyo si alama, ni jina la mhusika.

#17 Msafiri_Malaba
Lakini Disney wameliona hilo mapema. Tangu 2007 kile kipande cha Steamboat Willie akipiga mluzi kwenye usukani wanakiweka mwanzoni mwa filamu za studio yao ya katuni, kama nembo. Yaani mchoro uleule uliokuwa unakaribia kuachiwa ndio walioanza kuutumia kutambulisha kampuni. Mimi mfanyabiashara naona hiyo ni akili ya kibiashara, na sioni aibu kusema hivyo. Alama inalindwa kwa kutumiwa. Ukiiacha kabatini, mwingine anaweza kuomba iondolewe.

#18 Kasese_Mpakani
Mimi naona ni kufunga mlango wa nyuma wakati wa mbele umefunguliwa kisheria. Huko Oslo manispaa ilijaribu kusajili sanamu za mchongaji Gustav Vigeland kama alama hakimiliki ilipokuwa inafikia mwisho, na mwaka 2017 Mahakama ya EFTA, ile ya Norway, Iceland na Liechtenstein, ikasema usajili wa namna hiyo unaweza kukataliwa kwa maslahi ya umma. Mahakama za wenzetu zimeanza kuliona. Sisi nani ametuandikia?

#19 DodoNaMchele
Nimecheka kwa furaha kumwona Popeye kwenye #8. Mama alinilisha doodo, yaani mchicha, miaka yote akisema ndiyo mboga ya Popeye! Sasa nimesoma kumbe mwanzoni, 1929, hakuwa anakula mboga kabisa. Nguvu alizipata kwa kumpapasa kichwa kuku fulani wa bahati. Mboga ilikuja baadaye. Mama yangu akisikia atadai sahani zake zote.

#20 Sungura_Mjanja
Kwa hiyo RangiZaKawempe akichora Popeye na kuku yuko salama, na akichora na mboga anatafuta wakili. Kuku ni halali zaidi ya doodo!

#21 BintiArua
Nyie mnacheka, na mimi kuna kitu kinaniuma zaidi ya fulana yangu. "Hakuna matata." Hayo ni maneno tuliyozaliwa tukayakuta. Disney waliomba kuyasajili Marekani mwaka 1994, wakapewa 2003, kwa fulana. Hakimiliki huwezi kuipata kwa maneno mawili ya kila siku. Alama ya biashara unaipata. Mwisho wa 2018 watu wengi walisaini ombi la kupinga mtandaoni, na nami nilisaini. Najua hawawezi kunizuia nisiyaseme sokoni Arua. Najua ni kwa nguo tu na ni huko kwao. Bado nikiiona ile alama pembeni ya maneno yale nahisi mtu ameingia jikoni kwa bibi yangu akachukua sufuria.

#22 Msafiri_Malaba
Dada, hapo hata mimi mwenye cheti ukutani sikupingi.

#23 MwalimuWaAwali
RangiZaKawempe, umetuachia uzi umekimbia? Ilikuwaje shuleni?

#24 RangiZaKawempe
Niko hapa nasoma kila jibu, asanteni sana. Nilikuwa kazini Bwaise.

Nilirudi kwa mwenye shule nikamwonyesha uzi huu kwenye simu. Tulikubaliana hivi. Panya wa ukuta wa ndani abaki alivyo, bila glavu, na chini yake nimeandika kwa herufi ndogo "Walt Disney na Ub Iwerks, 1928". Mzee, hilo ni lako. Ukuta wa barabarani, baada ya kusoma #6, nimeupaka upya wote. Rangi ya kwanza nyeupe haikuficha, masikio yale meusi yalitokea kila ikikauka, nikapaka mara tatu.

Kibao na beji nimemchora Wakayima. Sungura wetu wa hadithi, amekaa juu ya mgongo wa tembo, anasoma kitabu, tembo hajui. Nilichora rasimu tano kabla masikio hayajaniridhisha. Yule kabinti wa glavu amemtambua hata kabla sijaandika jina.

Sasa mwenye shule anataka kumsajili Wakayima URSB kama alama ya shule.

#25 BintiArua
Subiri. Amsajili Wakayima? Nami nimemchora sungura kwenye maktaba ya watoto huku Arua, kwa wengine wetu ni sungura tu bila jina hilo, lakini hadithi ni zilezile. Akipata cheti atakuja kuniambia nifute?

#26 WakiliKijana
Atalinda mchoro wake, kwa huduma za shule. Sungura wa hadithi hawezi kumfunga. Mchoro wako si wake.

#27 Kasese_Mpakani
Hivyohivyo ndivyo walivyosema kuhusu maneno mawili kwenye fulana. Akisajili jina "Wakayima" peke yake bila mchoro je? Katika kundi hilohilo la elimu, shule ya pili ikitaka kujiita Wakayima itajibiwaje?

#28 Msafiri_Malaba
Itajibiwa kwamba imechelewa. Ombi likitangazwa mwenye pingamizi anapinga. Asiyesoma matangazo asilalamike.

#29 MzeeWaKatuni
Hapana, mzee mwenzangu. Nani atapinga kwa niaba ya bibi aliyesimulia? Hana barua ya kuandika wala hajui kuna tangazo.

Na RangiZaKawempe, mchoro wa Wakayima kwa sheria yetu ya 2006 ni wa mwenye shule aliyekuagiza, si wako wewe, kama hamkuandikiana. Mliandikiana?

#30 RangiZaKawempe
Hatukuandikiana. Alinilipa pesa taslimu nikampa kibao. Kesho asubuhi nakwenda kwake, nitawaambia amesemaje.